Nyumba za Clara Barton: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukiishi Maryland na ukaingia Washington kwa barabara ya kando ya Mto Potomac, umeshapita Clara Barton Parkway. Madereva wa malori wanaoshuka New Jersey Turnpike nao wanakijua kituo cha mapumziko cha Clara Barton: wamenunua kahawa pale, wamenyoosha miguu, wameondoka. Jina linajulikana kuliko mwenye jina. Ukurasa huu ni wa msomaji wa Kiswahili anayetaka kumjua mwanamke huyu kwa kuingia katika majengo alimoishi na kufanyia kazi. Mengi bado yamesimama, na machache yamesimama kwa bahati tu.

Clara Barton ni nani hasa?

Alikuwa mwalimu, kisha karani wa serikali, kisha mhudumu wa majeruhi vitani, kisha mtafutaji wa askari waliopotea, na hatimaye mwanzilishi wa Msalaba Mwekundu wa Marekani. Alizaliwa siku ya Krismasi, 25 Desemba 1821, huko North Oxford katika jimbo la Massachusetts, kitinda mimba wa watoto watano. Alifariki Glen Echo, Maryland, tarehe 12 Aprili 1912, akiwa na miaka 90. Hakuolewa. Uuguzi hakuusomea darasani, maana Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, kati ya majimbo ya kaskazini na ya kusini, vilipoanza mwaka 1861 vyuo vya kufundisha wauguzi vilikuwa bado havijaanza Marekani.

Ukitaka kuyaelewa majengo yake, shika jambo moja: Clara Barton takriban hakuwahi kuwa na nyumba ya kuishi tu. Alipolala palikuwa pia ghala, au ofisi, au hospitali, na mara nyingine vyote vitatu kwa pamoja. Jambo hilo ndilo lililomjengea sifa, na ndilo lililomtia matatani uzeeni.

Ni yeye aliyeanzisha Msalaba Mwekundu?

Wa Marekani, ndiyo. Wa dunia, hapana. Huo ulitokana na Henry Dunant, mfanyabiashara wa Geneva aliyeshuhudia majeruhi wakiachwa bila msaada baada ya vita vya Solferino, kaskazini mwa Italia, Juni 1859. Kamati ya Geneva ikaundwa mwaka 1863, na Mkataba wa Geneva wa kwanza, wa kuwalinda majeruhi wa vita, ukatiwa saini mwaka uliofuata.

Barton hakuzijua habari hizo mpaka alipokwenda Uswisi mwaka 1869 kupumzika, afya ikiwa imemchoka. Huko daktari Louis Appia, mmoja wa waasisi, alimuuliza kwa nini Marekani haijajiunga. Hakuwa na jibu. Mwaka 1870 vita vya Ufaransa na Prussia vikazuka, naye badala ya kupumzika akaingia kazini. Mjini Strasbourg, uliokuwa umepigwa mizinga, alianzisha karakana ya kushona ili wanawake waliopoteza kila kitu wapate ujira. Aliporudi kwao alihangaika na serikali miaka kadhaa. Chama kikaundwa Washington tarehe 21 Mei 1881, na Marekani ikauridhia Mkataba mwaka 1882.

Nina siku moja tu Washington. Niende wapi?

Wengi watakwambia nenda Glen Echo, kwenye nyumba kubwa. Mimi nasema anza na namba 437, Mtaa wa 7 kaskazini-magharibi, katikati ya jiji. Ukiliona kwa nje utadhani umekosea: jengo la ghorofa la miaka ya 1850 lenye maduka chini, kama mengine yaliyo jirani. Panda ngazi hadi juu kabisa.

Hapo ndipo Barton alipopanga chumba wakati wa vita. Mwenye kusimamia nyumba alikuwa Edward Shaw, karani mwenzake. Watu wa Massachusetts, New Jersey na kwingineko walipojua kwamba yuko mwanamke anayewafikishia askari mahitaji, walianza kumtumia vifurushi: nguo, bendeji, vyakula vya makopo, mishumaa. Vyumba vikajaa. Kila aliporudi kutoka uwanja wa vita, alilala katikati ya masanduku.

Ukitoka hapo tembea mitaa miwili hivi kwa miguu utafika lilipokuwa jengo la Ofisi ya Hataza, ofisi ya kusajili uvumbuzi, ambako Barton aliajiriwa mwaka 1854. Alilipwa dola 1,400 kwa mwaka, sawa na wanaume, jambo la ajabu kwa wakati ule. Baadhi yao hawakulifurahia, na baadaye akashushwa kuwa mnakili anayelipwa kwa idadi ya maneno, senti 10 kwa kila maneno 100. Leo jengo hilo lenye nguzo nene ni makumbusho ya sanaa na picha za watu mashuhuri. Watalii hupiga picha paa la vioo la uani, ni wachache wanaomkumbuka karani.

Ile ofisi ya askari waliopotea ilifanyaje kazi?

Vita vilipokaribia kwisha mwaka 1865, maelfu kwa maelfu ya familia hazikujua watoto wao wako wapi. Jeshi la wakati ule halikuwa na utaratibu wa uhakika wa kupeleka taarifa za vifo, na askari hakuwa na kibati cha jina shingoni. Mama alikuwa na barua ya mwisho, basi. Baada ya hapo kimya.

Barton alipata idhini ya Rais Lincoln mwezi Machi 1865, wiki chache kabla Rais hajauawa, akafungua ofisi katika vyumba vyake vya ghorofa ya tatu. Familia iliandika barua yenye jina la askari, kikosi chake na mara ya mwisho aliposikika. Barton na makarani wake wachache walipanga majina hayo kwa majimbo, wakachapisha orodha ndefu na kuzituma zibandikwe posta na kwenye magazeti. Askari aliyerejea nyumbani akiliona jina la mwenzake aliyemwona akianguka, au akifa kwa homa gerezani, aliandika. Barton akaandikia familia.

Hakuna ujanja hapo, ni barua tu. Lakini hadi ofisi ilipofungwa walikuwa wamepokea barua zaidi ya 63,000, na hatima ya askari wapatao 22,000 ikajulikana. Wengi walikuwa wamekufa. Wachache walikuwa hai na hawakutaka kupatikana. Yupo aliyekasirika kuona jina lake limetangazwa, naye Barton akamjibu kwa ukali kwamba mama yake ana haki ya kujua.

Msaada mkubwa ulitoka kwa kijana mmoja, Dorence Atwater, aliyekuwa mfungwa katika gereza la Andersonville, Georgia, ambako askari karibu 13,000 walikufa. Alipewa kazi ya kuandika daftari la vifo, akanakili nakala ya siri na kutoka nayo. Kwa orodha ile, mwaka 1865 yeye na Barton walikwenda Andersonville pamoja na kikosi cha jeshi, makaburi yakapata majina isipokuwa mia nne na ushee. Tarehe 17 Agosti, Barton ndiye aliyepandisha bendera makaburini.

Kama kazi ilikuwa kubwa hivyo, kwa nini ofisi yenyewe ilisahaulika?

Kwa sababu mbili. Kwanza, namba za nyumba za mtaa ule zilibadilishwa, hivyo watafiti waliokuwa na anwani ya zamani walitafuta wasione kitu. Pili, wenye jengo waliacha kuitumia ghorofa ya juu. Duka la viatu likaendelea chini miaka na miaka, huku juu pameachiwa vumbi na giza.

Katika miaka ya 1990 jengo lilikuwa mikononi mwa serikali na lilikuwa kwenye mpango wa kubomolewa. Fundi seremala aliyetumwa kulikagua alipanda juu, akaona bahasha inaning'inia kwenye upenyo wa dari. Alipochunguza alikuta magazeti, nyaraka, nguo kuukuu, na kibao kilichoandikwa kwamba ofisi ya askari waliopotea iko ghorofa ya tatu, chumba namba 9, kwa Miss Clara Barton. Angekuwa mtu wa haraka angevitupa pamoja na takataka nyingine. Yeye akavihifadhi na kuhangaika mpaka wakubwa wakasikia. Jengo halikubomolewa, na mwaka 2015 vyumba vikafunguliwa kuwa makumbusho.

Ukifika, angalia mlango wa chumba namba 9. Umetobolewa tundu la kutumbukizia barua. Mimi naona tundu hilo linaeleza kazi ya Barton kuliko sanamu yoyote.

Je, ni kweli nyumba ya Glen Echo ilijengwa kwa mbao za mafuriko?

Ni kweli, ingawa si mbao zilizookotwa majini. Tarehe 31 Mei 1889 bwawa lilipasuka juu ya mji wa Johnstown, Pennsylvania, watu 2,209 wakafa. Barton, aliyekuwa na miaka 67, alifika baada ya siku chache akakaa miezi mitano. Msalaba Mwekundu ulijenga maghala, na pia majengo makubwa ya kuwapa hifadhi waliobaki bila makao, ambayo watu waliyaita hoteli. Kazi ilipokwisha majengo yakabomolewa kwa utaratibu, na mbao zikasafirishwa hadi Washington.

Wakati huohuo ndugu wawili wa ukoo wa Baltzley walikuwa wanaanzisha mji wa elimu na burudani kando ya Potomac, mahali pa kusikiliza mihadhara na muziki. Walitaka jina kubwa la kuvutia wateja, wakampa Barton kiwanja na mafundi. Daktari Julian Hubbell, msaidizi wake wa miaka mingi, akachora ramani, na mwaka 1891 nyumba ikasimama. Kwanza ilitumika kama ghala. Mbele ilikuwa na ukuta wa mawe ili ifanane na majengo ya jirani. Barton alipoamua kuhamia mwaka 1897 aliuondoa sehemu kubwa, akaacha mbao zionekane. Kuanzia mwaka huo hadi 1904 hapo palikuwa makao makuu ya Msalaba Mwekundu wa Marekani.

Ule mji wa elimu haukudumu. Ulivuma uvumi kwamba Glen Echo kuna malaria, wateja wakakimbia.

Ndani ya nyumba hiyo kuna nini cha kuangalia?

Makabati. Ukiingia mlango wa mbele unakuta ukumbi mrefu, na kuta zake za mbao pande zote mbili zinafunguka: nyuma yake ni kabati baada ya kabati, yenye kina cha kutosha kuweka mablanketi, nguo, taa na vifaa vya tiba. Taarifa ya tetemeko au kimbunga ikija, masanduku yalitoka ukumbini moja kwa moja. Sehemu ya katikati iko wazi kutoka chini hadi ghorofa ya tatu, imezungukwa na vibaraza vyenye uzio, mwanga unaingilia juu. Wengi husema inafanana na meli ya mtoni. Haishangazi, kwa kuwa wakati wa mafuriko ya Mto Ohio mwaka 1884 Barton alikodi meli ya mvuke na kugawa misaada kijiji kwa kijiji.

Inua macho uone dari. Hazikupigwa lipu, zimewambwa kitambaa cha pamba. Bibi zetu wangekiona wangesema ni merikani, na wasingekuwa mbali na ukweli.

Kwenye chumba cha kulia kuna picha ya kuchorwa ya paka wake, Tommy. Mtu aliyeyatoa maisha yake yote kwa wengine alipata mwenzake wa nyumbani, na rafiki yake Antoinette Margot akamchora.

Chumba chake cha kulala kiko nyuma, upande wa mto. Alifia humo.

Kwa nini nyumba ya Glen Echo iko jirani na uwanja wa burudani?

Baada ya mji wa elimu kufa, kampuni ya tramu iligeuza eneo lile kuwa uwanja wa burudani wa bembea na magari ya kutelemka kwa kasi. Inasimuliwa kwamba wenye uwanja walimtaka bibi kizee auze nyumba, alipokataa wakajenga mitambo ya makelele karibu naye. Hakuondoka.

Uwanja huo una historia nyingine inayotuhusu zaidi. Watu weusi hawakuruhusiwa kuingia. Tarehe 30 Juni 1960 wanafunzi wa Howard University na wenzao walipanda farasi wa mbao wa bembea inayozunguka, wakakataa kushuka, watano wakakamatwa. Maandamano yaliendelea kipindi chote cha joto, wakazi wa mitaa ya jirani wakajiunga, na mwaka uliofuata milango ikafunguliwa kwa wote. Bembea hiyo ya mwaka 1921 ipo mpaka leo na inazunguka. Ukienda na watoto, wapandishe, halafu wasimulie.

Barton mwenyewe aliwatendeaje watu weusi?

Kwa kipimo cha zama zake, vizuri. Mwaka 1863 alikuwa pwani ya South Carolina wakati kikosi cha 54 cha Massachusetts, cha askari weusi, kiliposhambulia Fort Wagner na kupoteza watu wengi, aliwahudumia majeruhi. Miaka 30 baadaye, Agosti 1893, kimbunga kilipiga visiwa vya pwani hiyohiyo na watu wapatao 30,000 wakabaki bila makao, karibu wote Waafrika-Wamarekani, wengi wao waliozaliwa utumwani. Barton alikaa nao miezi kumi. Mbegu ziligawiwa, mitaro ya kuondoa maji ya chumvi mashambani ikachimbwa, wanawake wakashona nguo.

Frederick Douglass, mwanaharakati mweusi aliyepinga utumwa, alikuwa upande wake tangu mwanzo, na saini yake imo katika hati za kuandikisha Msalaba Mwekundu. Nyumba ya Douglass, Cedar Hill, iko mtaa wa Anacostia hapo hapo Washington. Siku ukiwa na muda, unganisha nyumba hizo mbili.

Majengo ya wakati wa vita bado yapo?

Mawili naweza kukupeleka kwa macho yaliyofungwa, yote Virginia.

La kwanza ni kanisa dogo la Kikatoliki la St. Mary's, Fairfax Station, lililojengwa kabla tu ya vita kwa ajili ya vibarua wa Kiayalandi wa reli. Mwishoni mwa Agosti 1862, baada ya vita vya pili vya Manassas, majeruhi walishushwa hapo kwa maelfu wakisubiri treni. Walilazwa kilimani juu ya nyasi kavu. Usiku Barton na wenzake walipita kati yao wakiwa na mishumaa mikononi, na aliandika baadaye kwamba hofu yake kuu haikuwa risasi: mshumaa mmoja ukianguka, kilima chote kingewaka na watu wasioweza hata kutambaa.

La pili ni Chatham, jumba la matofali linalotazama mji wa Fredericksburg ng'ambo ya Mto Rappahannock. Lilijengwa na William Fitzhugh, likakamilika mwaka 1771, kwa jasho la watumwa wake. Mwaka 1805 watumwa wa hapo waliasi. George Washington alilala humo akiwa mgeni, na Lincoln naye alifika. Desemba 1862, wakati wa vita vya Fredericksburg, vyumba vya karamu viligeuka vyumba vya kukata miguu. Mshairi Walt Whitman, aliyekuja kumtafuta ndugu yake, aliona rundo la viungo vya watu chini ya mti nje ya jumba. Barton alikuwa ndani. Katika kitabu chake kidogo aliandika majina ya waliokufa na mahali walipozikwa.

Kwa hiyo ile ofisi ya Mtaa wa 7 haikuanzia Mtaa wa 7. Ilianzia Chatham, katika damu, kwa kalamu ya risasi.

Antietam, Maryland, hakuna jengo lake, lakini ni pale tarehe 17 Septemba 1862 risasi ilipopita kwenye mkono wa gauni lake na kumuua askari aliyekuwa akimnywesha maji.

Na nyumba alikozaliwa?

Ipo North Oxford, nyumba nyeupe ya mbao aliyoijenga baba yake miaka michache kabla ya kuzaliwa kwake, na sasa ni makumbusho. Clara akiwa na miaka 11, kaka yake David alianguka kutoka paa la banda lililokuwa likijengwa. Clara alimuuguza miaka miwili, akajifunza kumpaka dawa na kumbandika ruba wa kunyonya damu, kama madaktari wa siku hizo walivyoagiza. Mtu akikuuliza alisomea wapi uuguzi, mwonyeshe nyumba hiyo.

Uwanja unaoizunguka unatumika kwa kambi ya watoto wenye kisukari, iliyoanzishwa mwaka 1932. Nyumba ina bahati: imezungukwa na watoto wanaojifunza kujitunza.

Nimesikia ana shule pia. Iko wapi?

Bordentown, New Jersey. Ni kijengo cha matofali chenye chumba kimoja, ukizubaa unakipita. Mwaka 1852 Barton alikuta watoto wanazurura mitaani kwa sababu wazazi hawakuwa na ada, na wenye nacho waliona aibu kuwapeleka watoto wao kwenye shule ya bure, wakiiita ya maskini. Akajitolea kufundisha bila mshahara ili athibitishe inawezekana. Siku ya kwanza walikuja watoto sita. Muda si mrefu walikuwa mamia, mji ukajenga shule kubwa mpya, kisha ukaajiri mwanamume kuwa mwalimu mkuu kwa mshahara zaidi ya mara mbili ya wake.

Akafungasha. Alisema baadaye kwamba yuko tayari kufundisha bure, ila akilipwa hatafanya kazi ya mwanamume kwa malipo pungufu ya mwanamume. Kijengo kilikarabatiwa mwaka 1921 kwa senti zilizochangwa na watoto wa shule.

Kwa nini aliondoka Msalaba Mwekundu mwaka 1904?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hakuna aliyethibitisha kwamba alikula hata senti, na aliwahi kutumia fedha zake mwenyewe kwa kazi za chama. Lakini hesabu zake hazikukaa sawa. Alipokea michango akaitumia hapohapo palipo na njaa. Risiti aliona ni kupoteza muda. Kundi jipya likiongozwa na Mabel Boardman lilitaka chama chenye kamati, wakaguzi na taratibu. Uchunguzi ukaitishwa, na Barton, mwenye miaka 82, akajiuzulu.

Ukiwa umesimama Glen Echo unaona tatizo kwa macho yako. Kitanda chake kiko hapa, meza ya makarani pale, mablanketi ya chama ukutani. Kipi chake, kipi cha umma? Yeye hakuwahi kutenganisha, na kwa miaka 20 hakuna aliyemtaka atenganishe. Naona wote wawili walikuwa na haki: Boardman kuhusu vitabu vya hesabu, Barton kuhusu kasi. Boardman hakuwa mpole, lakini.

Nyumba ilinusurikaje baada ya kifo chake?

Kwa shida. Alimwachia Dk. Hubbell. Akatokea mwanamke aliyedai kwamba roho ya Clara inazungumza naye, na kwamba inamtaka mzee asaini nyumba iwe yake. Hubbell akasaini. Ilibidi aende mahakamani miaka mingi kuirudisha. Baadaye vyumba vikapangishwa. Mwaka 1963, ilipokuwa hatarini kuuzwa, kikundi cha marafiki kilichanga na kuinunua, kisha wakaikabidhi kwa serikali. Bunge liliitangaza eneo la kihistoria la taifa mwaka 1974, la kwanza katika hifadhi za taifa kuwekwa kwa ajili ya kazi ya mwanamke.

Jengo kubwa jeupe la Msalaba Mwekundu karibu na Ikulu ni lake?

Hapana. Lilizinduliwa mwaka 1917, miaka mitano baada ya kifo chake, kama kumbukumbu ya wanawake wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe wa pande zote mbili. Lina marumaru na vioo vya rangi vya Tiffany. Ni zuri, na ni la akina Boardman.

Na Dansville?

Mji mdogo katika jimbo la New York, alikokwenda kuuguza afya mwaka 1876 akaishia kukaa miaka kumi. Tawi la kwanza la Msalaba Mwekundu wa Marekani lilianzishwa huko tarehe 22 Agosti 1881, katika kanisa la Kilutheri la St. Paul's. Nyumba ya tiba aliyoijia iliungua mwaka 1882. Iliyojengwa badala yake nayo sasa ni gofu kilimani.

Haya yote yanatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki?

Si lazima yatuhusu ndipo tuyasome. Ila uzi upo, tena wa pamba. Barton alipokuwa mtoto, viwanda vya Massachusetts vilikuwa vinafuma kile kitambaa kilichopata jina la merikani Zanzibar. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulifungwa mwaka 1833, na balozi mdogo wa kwanza Mmarekani kukaa Unguja kuanzia 1837, Richard Waters, alitoka Salem, Massachusetts. Kaka zake Clara nao walikuwa na kiwanda cha kufuma. Pamba ya kitambaa hicho ililimwa na watumwa wa kusini, na utumwa huo ndio uliokuja kuwa kiini cha vita alivyovihudumia.

Uzi wa pili ni wa karibu zaidi. Vyama vya Msalaba Mwekundu vya Tanzania, 1962, na Kenya, 1965, watu huvikumbuka kwa ajali na mafuriko. Lakini kwenye kambi za wakimbizi kama Nyarugusu na Kakuma wahudumu wake hufanya pia kazi ileile ya chumba namba 9: wanapokea jina la ndugu aliyepotezana na mwenzake vitani, wanauliza huku na kule, wanarudisha jibu.

Kuna ushauri wowote kabla ya kwenda?

Hakikisha siku na saa za kufunguliwa kabla hujatoka nyumbani. Majengo haya ni makongwe, hufungwa kwa matengenezo. Mtaa wa 7 unafikika kwa metro. Glen Echo na Virginia ni bora kwa gari. Kwa Chatham beba viatu vya kutembelea, uwanja ni mkubwa.

Kaburi lake liko wapi?

Oxford, Massachusetts, pamoja na wazazi wake, karibu na nyumba alikozaliwa. Lakini kama huwezi kufika huko, kipande cha nyumba hiyo kipo Maryland. Kwenye uwanja wa vita wa Antietam kuna mnara wake wa mawe wenye msalaba mdogo mwekundu chini. Msalaba huo haukupakwa rangi. Ni matofali, yaliyotolewa kwenye bomba la moshi la nyumba ya North Oxford.